Kabla hujamkabidhi mwanao kwa fundi, iulizie bunduki ya misumari

Mama mmoja alishuka kutoka Matombo kwa basi la asubuhi, akamchukua mwanawe kwa shangazi yake hapa mjini na kumleta moja kwa moja kwangu. Kijana ana miaka 16. Mkono wa kushoto ameukunja kifuani, ameuviringishia fulana. Aliniamkia kwa sauti ya chini, akakaa, akatazama sakafu. Maelezo yote aliyatoa mama.

"Ni msumari tu, daktari. Ulishatolewa. Ila naona kidole hakiponi."

Nilifungua fulana. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba chote, kuanzia ncha hadi kinapoungana na kiganja. Kilikuwa kinang'aa, kimejikunja kidogo kana kwamba kinataka kushika kitu. Nilishika ncha yake nikainyoosha kidogo tu. Kijana aliruka kwenye kiti. Tundu lenyewe ilibidi nilitafute. Lilikuwa dogo kama la mwiba, na lilikwisha kufunga.

Siku tano nyuma alikuwa kwenye karakana ya sofa anakojifunza kazi, ameshika ubao kwa mkono wa kushoto na bunduki ya misumari kwa mkono wa kulia. Msumari wa kwanza uliingia kwenye ubao. Wa pili, ambao anaapa hakuupiga, uliingia kwenye kidole. Fundi akauvuta kwa koleo, akamwagia petroli "kuua wadudu", akafunga kitambaa, na kijana akarudi kazini mchana uleule. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike, lakini kisa ni hicho.

Kwa kawaida hapa tunazungumzia homa, lishe, presha na sukari. Leo naomba wazazi mnivumilie nizungumzie chombo cha fundi, kwa sababu ninyi ndio mnaowapeleka watoto kwa mafundi, na sijawahi kumsikia mzazi hata mmoja akisema aliiulizia mashine hii kabla ya kulipa ada ya kujifunza.

Ukitembea kwenye mitaa yetu ya mafundi samani siku hizi, iwe Kihonda, Mwembesongo au Mji Mpya, mlio wa nyundo umepungua. Badala yake unasikia kompresa ikiunguruma, kisha ta, ta, ta. Wengine wanaiita bunduki ya misumari, wengine mashine ya upepo. Ndogo yake, ile ya kubana kitambaa na sponji kwenye fremu ya sofa, ni stepla ya upepo, na hiyo inapiga pini badala ya misumari. Namna zinavyofanya kazi ni moja. Kompresa inashindilia upepo kwenye mtungi, upepo unapita kwenye mpira hadi ndani ya bunduki, ukibonyeza kifyatulio unasukuma pistoni, na pistoni inaupiga msumari mara moja hadi ndani. Nyingi hutumia presha ya kati ya 70 na 120 kwa kipimo cha psi, kilekile unachokiona kwa kijana anayejaza upepo kwenye matairi. Tairi la gari dogo hujazwa kama 30 au 35.

Siwalaumu mafundi kwa kuzinunua. Sofa ninayokalia nyumbani ilipigwa kwa mashine hiyo, na niliisifu jinsi ilivyomalizwa haraka. Mtu aliyepiga nyundo kutwa nzima kwenye mninga au mtiki wa Kilombero anajua bega lake linasemaje usiku. Ninachosema ni kwamba mashine imeingia kwenye karakana bila maelekezo yake. Nyundo kila mtu anaiogopa, kwa sababu kila mtu ameshajigonga kidole. Bunduki ya misumari inaonekana kama toy ya mtoto mpaka siku ya kwanza.

Turudi kwenye ule msumari wa pili, kwa sababu kijana hakuwa anadanganya.

Bunduki nyingi za misumari zina kichuma puani, kinachorudi ndani unapokikandamiza kwenye ubao. Kazi yake ni kuzuia msumari usiruke hewani. Lakini kuna aina mbili za vifyatulio, na tofauti yake fundi wengi hawamwelezi mwanafunzi. Aina ya kwanza ni ya hatua kwa hatua: lazima pua iguse ubao kwanza, halafu ubonyeze kifyatulio, msumari unatoka mmoja. Ukitaka mwingine, unaachia kila kitu na kuanza upya. Aina ya pili ni ya kugonga: ukishikilia kifyatulio bila kuachia, kila mahali pua inapogusa inapiga. Fundi mzoefu anapenda hii ya pili kwa sababu anatembea na ubao akigonga tu, misumari inajipanga.

Sasa mpe mwanafunzi hiyo ya kugonga. Bunduki ikipiga, inaruka nyuma kidogo. Kidole chake bado kimeng'ang'ania kifyatulio, kwa kuwa ameogopa ule mshtuko. Bunduki inarudi chini kwa uzito wake, pua inagusa tena, safari hii pembeni kidogo ya pale ilipokuwa. Inapiga. Kama pale pembeni pana kidole cha kushoto kilichoshika ubao, msumari hauna namna ya kujua.

Marekani, ambako mashine hizi zimetumika kwenye ujenzi kwa miongo mingi na majeruhi wanahesabiwa, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa ilikadiria kuwa kati ya mwaka 2001 na 2005 watu wapatao 37,000 kila mwaka walitibiwa kwenye idara za dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari. Zaidi ya nusu ya majeraha ni ya mikono na vidole. Watafiti waliowafuatilia wanagenzi wa useremala huko walikuta wawili kati ya kila watano wameumizwa na mashine hiyo ndani ya miaka minne ya mafunzo, na mmoja kati ya kumi ameumizwa mara tatu au zaidi. Na kifyatulio cha kugonga kilikuwa na hatari takriban mara mbili ya kile cha hatua kwa hatua.

Nilipomweleza hivyo fundi mmoja ninayemheshimu, alinijibu, "Daktari, ile ya hatua kwa hatua inachelewesha, na mteja hangoji." Ni hoja ya mtu anayelipa kodi ya pango, siidharau. Lakini nalo limepimwa. Kwenye jaribio la kujenga kibanda kidogo, kifyatulio cha kugonga kiliharakisha upigaji wa misumari kwa kama asilimia 10, na ukichukua muda wote wa ujenzi, faida hiyo haikufika hata asilimia 1. Tofauti kati ya fundi mmoja na mwingine ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya vifyatulio. Kazi ya fundi ni kupima, kukata, kuranda, kusugua na kupaka. Kupiga msumari ni sehemu fupi kabisa ya safari.

Kwa hiyo, mzazi, unapompeleka mwanao kujifunza, usiishie kuuliza ada ni kiasi gani na atalala wapi. Mwambie fundi kwa adabu: "Fundi, naomba unioneshe mashine ya misumari inavyopiga." Mwache ajaribu mwenyewe kwenye kipande cha ubao kilicholala chini, watu wamesogea nyuma. Abonyeze kifyatulio kwanza, akishikilie, kisha aguse ubao. Ikipiga, hiyo ni ya kugonga, na mwanao asiishike katika miezi yake ya kwanza. Mashine nyingine zina kiswichi cha kubadilisha kutoka aina moja kwenda nyingine. Nyingine fundi anaweza kununua kifyatulio peke yake na kubadilisha. Angalia pia kama kile kichuma cha puani kinacheza vizuri kwa springi yake. Kama kimefungwa kwa waya au kimetolewa "ili isisumbue", chukua mkono wa mwanao mrudi nyumbani. Sitanii.

Stepla za sofa ni suala jingine. Nyingi hazina kichuma chochote puani. Unabonyeza, inapiga, iwe imegusa kitu au haijagusa. Breki yake ni akili ya aliyeishika. Pini yake ni fupi, ni kweli, lakini pini fupi inatosha kabisa kwa jicho.

Mkono usioshika bunduki ukae mbali, angalau sentimita 30 kutoka pale msumari unapoingia. Fundi atacheka, kwa sababu kipande kidogo cha ubao hakishikiki kwa umbali huo. Ndiyo maana kuna kibano cha seremala, na kama hakipo, kuna mwenzako wa kushikilia kwa kipande kingine cha ubao. Mbao zetu ngumu zina tatizo la ziada: msumari ukikutana na kifundo cha ubao au na msumari mwingine, unapinda humohumo ndani na kutokezea ubavuni. Mafundi wengi wameuona msumari ukitoka kwa pembeni kama nyoka. Umbali ndio unaookoa kidole hapo, maana ustadi hauoni ndani ya ubao.

Na kuna jambo la umeme. Kila mtu Morogoro anajua unavyokatika. Kompresa ikinyamaza, vijana wanapumzika, wanakaa juu ya mbao, wanachezea simu, na mmoja anaichezea bunduki kwa sababu "umeme haupo". Upepo upo. Mtungi bado umejaa, mpira bado umejaa, na msumari bado uko puani. Umeme ukikatika, bunduki haijakatika mpaka mpira uchomolewe. Hali kadhalika msumari unapokwama: kwanza chomoa mpira, kisha fungua pua. Mtu anayechokonoa msumari uliokwama huku mpira umechomekwa nimekutana naye, mkono wake ulikuwa kwenye bandeji.

Huko kwenye kompresa kuna mchezo mwingine nitausema wazi hata kama unanipa haya, kwa kuwa vijana hawauoni kuwa ni hatari. Ni kupuliziana upepo: kujipulizia vumbi kwenye nguo na mwilini, kumpulizia mwenzako usoni, na kuna wanaomwekea mwenzao mpira makalioni kwa utani. Upepo wa presha ile unaweza kuingia chini ya ngozi kupitia kidonda kidogo, unaweza kupasua ngoma ya sikio, na ukiingia kwa njia ya haja kubwa unapasua utumbo kwa sekunde chache, hata kupitia juu ya nguo. Watu wamekufa kwa utani huo katika nchi mbalimbali. Mwambie mwanao kwa maneno hayohayo, usizunguke.

Matunzo ya mashine ni kazi ya fundi, lakini mzazi akijua mawili matatu atatambua karakana inayojali. Asubuhi kabla ya kazi, mpira ukiwa haujachomekwa, skrubu zinakazwa na matone machache ya oili maalumu ya mashine za upepo yanadondoshwa pale mpira unapochomekwa. Mashine isiyopata oili inakwama, na mashine inayokwama ndiyo inayomtia mtu hasira akaanza kuichokonoa. Jioni kompresa inafunguliwa chini itoe maji, maana upepo ukishindiliwa unaacha unyevu, na hapa kwetu wakati wa masika maji hayo si haba. Yakibaki yanaozesha mtungi kwa ndani, na mtungi ulioliwa na kutu siku moja hupasuka. Mita ya presha iwe inasoma, na valvu ya kuachia upepo ukizidi isizibwe. Presha iwe ile iliyoandikwa kwenye mashine. Wapo wanaoiongeza ili msumari uzame kwenye mninga. Hiyo ndiyo njia ya kuutoa msumari upande wa pili. Na ole wake atakayeunganisha bunduki kwenye mtungi wa oksijeni au wa gesi ya kupikia kwa sababu kompresa imeharibika. Huo ni mlipuko unaosubiri cheche.

Miwani ya kazi ni ya lazima, kwa anayepiga na kwa anayeshikilia. Ya masikio pia ni muhimu, hasa ndani ya banda la mabati.

Sasa tuseme ajali imetokea. Hapa ndipo naomba msomaji asome taratibu.

Msumari ukiwa bado mwilini, usiutoe. Najua mkono wa kila mtu unakwenda kwenye koleo. Misumari ya bunduki huunganishwa pamoja kwa waya, plastiki, karatasi au gundi ili ipangike kwenye mashine, na inapopigwa inabeba mabaki ya vitu hivyo. Ile ya waya huweza kubaki na vijichuma pembeni mwake vinavyoelekea nyuma, kama ndoano. Uliingia vizuri, ukiuvuta unarudi ukichana kano na mishipa ya fahamu njiani, na mabaki yanabaki ndani. Hospitali tunapiga eksirei kwanza, kwa pande mbili, tuone umepita wapi, kama umegusa mfupa au kiungo, na kama una ndoano. Kisha tunatia ganzi na kuamua uvutwe au ukatwe kichwa na kutolewa upande mwingine.

Kwa hiyo: chomoa mpira wa mashine, mkalishe mgonjwa, vua pete kabla kidole hakijavimba, funika kwa kitambaa safi bila kukandamiza msumari, funga mkono usichezechezwe, uinue juu ya moyo, mje. Kama msumari umemshikiza kwenye ubao, kata ubao, mje naye na kipande. Damu ikitiririka sana, kandamiza pembeni ya jeraha kwa nguvu. Petroli, mafuta ya breki, tumbaku, majani yaliyotafunwa, dawa ya meno, vyote hivyo nimeshavikuta kwenye vidonda, na vyote vimenipa kazi ya kuviosha kabla ya kuanza kazi iliyomleta mgonjwa.

Jicho lina utaratibu wake. Pini au kipande cha chuma kikiwa kimeingia jichoni, usikisafishe, usikikandamize, usitie dawa yoyote. Funika kwa kikombe kidogo safi cha plastiki kinachokaa kwenye mifupa inayozunguka jicho bila kugusa jicho lenyewe, na nenda hospitali saa hiyohiyo. Msumari wa kifuani, tumboni, shingoni au kichwani nao ni hivyo hivyo, hata kama mgonjwa anaongea na kucheka. Wakati mwingine msumari wenyewe ndio ulioziba tundu.

Na kama msumari ulishatolewa karakanani, kama ilivyokuwa kwa kijana wangu? Bado mje siku hiyohiyo. Tundu dogo ndilo linalodanganya. Kidonda kipana kinamtisha mtu, anakioshesha, kinatoa usaha nje. Tundu la msumari linafunga juu ndani ya siku moja, na uchafu ulioingia unabaki chini umefungiwa. Kwenye vidole, kano za kukunjia zimo ndani ya mfuko mwembamba mrefu kama ala ya kisu. Usaha ukiingia kwenye ala hiyo, unasafiri hadi kiganjani na kuikata kano damu yake. Dalili zake mzazi anaweza kuziona nyumbani: kidole kinavimba chote badala ya sehemu moja, kinajikunja chenyewe, kinauma ukikigusa upande wa kiganja kwa urefu wake wote, na kukinyoosha hakuvumiliki. Hata dalili mbili kati ya hizo hazisubiri kesho, wala haziponi kwa vidonge vya kununua duka la dawa. Usaha huo hufunguliwa na kuoshwa chumba cha upasuaji.

Tukikwambia kunja kiungo hiki, sasa kile, unahisi hapa, unahisi na hapa, usione tunakupotezea muda. Robo ya majeraha ya mkono ya bunduki hizi huhusisha kano, kiungo, mishipa ya fahamu au mfupa. Kano iliyokatika ikigundulika mapema inaungwa. Ikigundulika baada ya miezi, mara nyingi kidole kimeshaamua kukaa kilivyo.

Liko jambo la pepopunda, na hapa nazungumza na wazazi wa watoto wa kiume hasa. Mtoto wetu anachanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na chanjo hiyo ina kinga ya pepopunda ndani yake. Kinga ile inafifia kwa miaka. Msichana akija kubeba mimba anaipata tena kliniki, kila ujauzito anaulizwa. Mvulana nani anamuuliza? Anatoka kliniki ya watoto, na wengi hawachomwi tena mpaka waumie. Na anayeshika mbao, udongo na misumari ni yeye. Pepopunda huanza kwa taya kukaza na shingo kuuma, mara nyingi ndani ya siku 3 hadi 21 baada ya jeraha, na kuitibu ni vigumu hata palipo na chumba cha wagonjwa mahututi. Sindano ya kinga ni ndogo. Mwanao akiumia, iulizie. Kama hamkumbuki chanjo zake, atapewa ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita. Bora zaidi akachomwe kabla ya siku yake ya kwanza karakanani.

Kuhusu umri, nina msimamo, na najua baadhi ya wasomaji hawataupenda. Mtoto wa chini ya miaka 18 asishike bunduki ya misumari. Ajifunze kupima, kukata kwa msumeno wa mkono, kuranda, kusugua msasa, kuchagua ubao. Hiyo ni kazi ya miaka miwili ya maana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumtumikisha mtoto wa chini ya miaka 14, na wa chini ya 18 inamkinga na kazi za hatari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mwanagenzi na kumtaka fundi amwekee mazingira salama. Tatizo ni kwamba chini ya mwembe sheria hizo hazifiki mpaka mzazi aje nazo. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia bila kumkata mfanyakazi hata senti. Lakini kijana aliyekuja kujifunza kwa maneno ya mdomo, bila karatasi, akikatika kidole anabaki na shangazi yake. Andikianeni. Karatasi moja, jina, umri, nani atalipa akiumia kazini. Fundi anayekataa kuandika amekwishajibu swali lako.

Na sisi wateja tuna mkono wetu humu. Wiki ya mwisho kabla ya Idi, kabla ya Krismasi, kabla ya harusi, kila mtu anataka sofa yake. Tunapiga simu mara tatu kwa siku: "Fundi, imefika wapi?" Fundi anampa bunduki yule wa mwezi wa pili ili kazi isogee. Mimi mwenyewe nimepiga simu hizo.

Kijana wa Matombo alifanyiwa upasuaji usiku ule ule. Tulitoa usaha, na pamoja nao kipande cha plastiki cha ukubwa wa punje ya mchele, kilichokuwa kimekaa karibu na mfupa tangu siku ya ajali. Kidole kimebaki, lakini hakikunji hadi kiganjani, na mazoezi anayofanya kila asubuhi kwenye maji ya uvuguvugu yatakisogeza kidogo, si sana. Bahati yake ni mkono wa kushoto, na anatumia wa kulia. Wiki iliyopita alikuja kusafishwa kidonda, safari hii peke yake. Nikamuuliza kama atarudi kwa fundi. Akasema atarudi, kazi anaipenda, na fundi amemwambia atamweka kwenye kuranda na kusugua kwanza.

"Na ile mashine, mmebadilisha kifyatulio?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Bado, daktari. Ila amekifungua kile kichuma cha puani. Kilikuwa kimefungwa waya."

Nimempa tarehe ya sindano ya pili ya pepopunda. Nimemwambia amlete na fundi wake, naye achomwe.